Dakta Krapf, Mpanzi wa Rabai

Upande wa kusini wa nchi ya Ujerumani, karibu na mji wa Tübingen, palikuwa na kijiji cha wakulima kiitwacho Derendingen. Huko, tarehe 11 Januari, 1810, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Johann Ludwig Krapf. Baba yake alikuwa mkulima, wala hakuna mtu pale kijijini aliyedhani ya kuwa jina la mtoto yule litakuja kutajwa Mombasa na Rabai, na Usambara na Ukambani.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Jirani mmoja alimkamata, akampiga sana kwa kosa ambalo hakulifanya yeye, bali mwingine. Mtoto akaugua, akalala kitandani karibu miezi sita. Katika siku zile ndefu hakuwa na kazi ila kusoma, na kitabu alichokisoma zaidi ni Biblia. Habari za Ibrahimu na za manabii zikamwingia moyoni, hata alipopata nafuu akaenda shambani wakati wa mavuno, akawa akiwasimulia wavunaji walipopumzika. Basi pigo lile lilikuwa dhuluma, walakini lilimfungulia mlango. Nanyi mtaona ya kuwa katika maisha yake yote mambo yalikwenda hivyo mara nyingi: mlango alioutaka ulifungwa, na mwingine asioutazamia ukafunguka.

Wazazi wake wakampeleka shule ya mjini Tübingen, naye akaenda kila siku kwa miguu. Baba yake akamnunulia kitabu cha ramani. Mtoto alipoitazama ramani ya Afrika, upande wa mashariki, alistaajabu kuona majina machache sana, na mahali pengi peupe. Nchi zile hazikuwa tupu. Zilijaa watu na vijiji na mashamba. Ila wachoraji wa ramani wa Ulaya hawakuwa na habari zake. Weupe ule wa karatasi ukamkaa moyoni. Alitamani kuwa nahodha wa meli, apate kuziona nchi za mbali, lakini baba yake hakuwa na fedha za kumfundisha kazi hiyo. Mlango huo ukafungwa.

Baadaye alisikia shuleni habari za watu waendao nchi za mbali kuhubiri Injili, akaona ya kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Mwaka 1827 akaingia chuo cha misioni cha Basel, katika nchi ya Uswisi. Lakini baada ya miaka miwili moyo wake ukaingiwa na mashaka, akatoka. Akarudi Tübingen kusoma elimu ya dini, akawekwa kuwa msaidizi wa kasisi katika shamba. Na huko nako hakukaa sana, maana alihubiri ya kuwa mwisho wa dunia umekaribia, wakubwa wake hawakupendezwa na maneno yake, naye akaiacha kazi ile. Alikuwa kijana wa miaka zaidi ya 20, mwenye elimu nyingi, wala hana kazi iliyotulia.

Ndipo shauri la kwanza likamrudia. Akajitoa kwa chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kiitwacho C.M.S., nacho kikampeleka Uhabeshi, nchi inayoitwa sasa Ethiopia. Akaondoka mwaka 1837. Alikwenda na tumaini kubwa, lakini yaliyompata huko yangalitosha kumrudisha nyumbani mtu mwingine. Hakuwa amekaa miezi mingi katika mji wa Adwa alipofukuzwa pamoja na wenzake, mwaka 1838. Hakukata tamaa. Akaizunguka nchi kwa njia nyingine, akafika Shoa mwaka 1839, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka mitatu. Haja yake hasa ilikuwa kuwafikia Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagalla. Akajifunza lugha yao, akaanza kufasiri Injili kwa lugha hiyo.

Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyekuwa akija Misri. Njiani jumbe mmoja alimkaribisha kwa maneno mazuri, kisha akamfunga na kumnyang'anya mali yake yote. Alipoachiliwa alikwenda kwa miguu mpaka pwani ya Massawa, akiomba chakula na mahali pa kulala kwa watu maskini wa njiani. Huko Misri akamwoa Rosine, nao wakafanya safari ya kurudi Shoa. Lakini njia zote zilikuwa zimefungwa, maana mfalme hakutaka tena wageni. Mwaka 1843, katika safari hizo za taabu, Rosine alijifungua mtoto wa kike jangwani kabla ya siku zake, naye mtoto akafa. Basi kazi ya miaka sita ya Uhabeshi ikaisha hivyo. Hakuwa na nyumba, wala shule, wala kanisa. Alikuwa na kaburi dogo nyuma yake, na mbele yake bahari.

Wapo watu ambao katika hali kama ile husema ya kuwa Mungu amewakataa. Krapf hakusema hivyo. Alifikiri ya kuwa, ikiwa mlango wa kaskazini umefungwa, labda watu wale wale wa Oromo waweza kufikiwa kwa upande wa kusini, kwa njia ya pwani ya Waswahili. Wakapanda chombo kule Aden, wakasafiri kuelekea kusini, na mwezi wa Januari, 1844, wakafika Unguja. Sultani Seyyid Said akampokea kwa heshima. Yeye alikuwa Mwislamu, na Krapf alikuwa Mkristo, wala hawakufichana jambo hilo. Walakini Sultani alimpa barua kwa maliwali wake, kuwaagiza wamtunze mgeni huyu. Mwezi wa Mei mume na mke wakapata nyumba mjini Mombasa.

Krapf akaanza mara moja kujifunza Kiswahili. Mwezi wa Juni akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, na kadhi wa Mombasa akamsaidia katika kazi hiyo. Kabla ya siku zile Waswahili wenye elimu walikuwa wakiandika mashairi na nyaraka zao kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wazee wao tangu zamani. Krapf akaiandika lugha hiyo kwa herufi za Kilatini, naye ni miongoni mwa watu wa kwanza waliofanya hivyo. Hizo ndizo herufi mnazozisoma katika ukurasa huu.

Tumaini lake lilikuwa limeanza kuchipuka tena, hata ulipofika mwezi wa Julai. Tarehe 6 Rosine alijifungua mtoto wa kike. Katika siku zile homa kali ikawashika, mama na baba pia. Rosine akajua ya kuwa hatapona. Akawaaga watu wa nyumbani, akawaombea watu wa nchi ile, akataka azikwe upande wa bara, mahali wapitapo watu, ili kaburi lake liwakumbushe ya kuwa wageni hawa walikuja kwa ajili ya Injili. Akafa tarehe 13. Krapf alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vema, lakini alijikokota akaenda kumzika mkewe ng'ambo, upande wa Nyali. Na baada ya siku chache akamzika na mtoto karibu na mama yake. Makaburi yale yapo hata leo.

Akabaki peke yake, mgonjwa, katika mji wa ugeni. Hebu tufikiri, ninyi msomao: mtu huyu alikuwa amepata nini kwa utii wake? Katika miaka saba alikuwa amefukuzwa, ameibiwa, amezika watoto wawili na mke, wala hakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Kama kufanikiwa ni kupata ulichokitaka, basi hakuna aliyeshindwa kuliko yeye. Lakini aliandika barua kwa wakubwa wa C.M.S. Hakuomba arudishwe kwao. Aliwaambia ya kuwa sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kaburi hilo ni alama ya kwamba vita vimeanza. Akawasihi wasirudi nyuma, bali walete watu wengine. Imani yake haikumwondolea machozi, ila ilimzuia asiyafanye machozi kuwa mwisho wa habari.

Watu wakaja. Mwezi wa Juni, 1846, akafika Johannes Rebmann, kijana wa nchi yake, mtu mpole na mvumilivu. Mwezi wa Agosti wakaomba ruhusa kwa wazee wa Wanyika, ambao leo huitwa Wamijikenda, wakapewa mahali pa kujenga Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Siku waliyohamia wote wawili walikuwa na homa, wakapanda kilima kwa shida, wakipokezana kupanda punda mmoja. Pengine hakuna misioni iliyoanzwa kwa udhaifu kama ile. Wakajenga nyumba kwa mikono yao, wakafungua shule, wakafundisha siku zote. Watu wakawasikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao. Miaka ikapita. Wa kwanza aliyeliamini neno alikuwa kiwete mmoja maskini, jina lake Mringe, naye alibatizwa alipokuwa karibu na kufa. Wakubwa wa ulimwengu wasingalimhesabu mtu kama yule, lakini kwa Krapf alikuwa jibu la sala ya miaka mingi.

Kutoka Rabai wakafanya safari za bara. Tarehe 11 Mei, 1848, Rebmann akauona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka ule ule Krapf alifika Usambara kwa mfalme Kimweri. Mwaka 1849 akaenda Ukambani kwa jumbe Kivoi, na kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba, akauona kwa mbali mlima mwingine wenye theluji. Watu wa nchi walikuwa wakiujua mlima huo tangu zamani, na jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba aliliandika katika kitabu chake. Nalo ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima ya Kenya. Habari hizi zilipofika Ulaya, wataalamu wengine walizicheka, wakasema haiwezekani theluji kukaa penye jua kali namna ile. Krapf na Rebmann wakavumilia dhihaka, na baadaye wasafiri wengine wakahakikisha ya kuwa walisema kweli.

Krapf alikuwa na shauri kubwa. Alitaka pawe na mnyororo wa vituo vya misioni, kimoja baada ya kimoja, kutoka bahari ya mashariki mpaka bahari ya magharibi. Rebmann hakukubaliana naye kabisa. Aliona ni afadhali kukaa mahali pamoja na kulima vema shamba dogo. Na kweli, ni lazima tuseme ya kuwa Krapf alikuwa mtu wa haraka, na mipango yake ilipita nguvu zake. Mwaka 1850 alikwenda Ulaya, akarudi mwaka uliofuata na wenzi wapya. Mmoja wao akafa kwa homa mara baada ya kufika. Krapf akaenda tena Ukambani mwaka 1851, ili afanye kituo huko. Walipokaribia mto Tana, wanyang'anyi wakawashambulia. Krapf akapiga bunduki hewani, maana hakutaka kumwaga damu. Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, naye Krapf akabaki peke yake mwituni.

Akawa akijificha mchana na kutembea usiku. Kiu ikamtesa sana hata akaufikia mto. Alipokwisha kunywa hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayatia katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Alipofika kwa watu wa Kivoi, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, wakataka kumwua. Akatoroka usiku, na baada ya taabu nyingi akarudi Rabai, ambako habari zilikuwa zimekwisha kufika ya kuwa amekufa. Hakuanzisha kituo chochote Ukambani. Mnyororo wake haukupata hata pete ya pili.

Mwaka 1853 mwili wake ulikuwa umechoka kabisa kwa homa, ikambidi kurudi Ulaya. Alipoondoka, hesabu ya waliobatizwa Rabai haikuzidi vidole vya mkono mmoja. Akajaribu tena kuingia Uhabeshi, lakini afya yake haikumruhusu. Akakaa katika kijiji cha Korntal, katika nchi ya kwao. Basi, kwa macho ya watu, kazi yake ilikuwa imekwisha, na matunda yake yalikuwa machache sana.

Lakini jembe hakuliweka chini. Mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda mfupi, akawasaidia wamisionari wa Kimethodisti, ambao mmoja wao alikuwa Thomas Wakefield, kuanza kazi yao Ribe. Aliporudi Korntal akaketi mezani na karatasi zake za lugha. Zamani, alipokuwa akisafiri, kazi ya maneno ilikuwa kazi ya kando, ya kufanywa jioni baada ya kazi iliyodhaniwa kuwa kubwa. Sasa ikawa ndiyo kazi yake kubwa. Alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Na katika miaka yake ya mwisho alimaliza kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, yenye kurasa zaidi ya 400. Huko Korntal akamwona tena rafiki yake Rebmann. Yeye alikuwa amekaa Rabai miaka 29 pasipo kurudi kwao, naye alirudi mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka 1876.

Tarehe 26 Novemba, 1881, watu wa nyumbani walimkuta Krapf amepiga magoti kando ya kitanda chake, kama afanyavyo mtu katika sala. Walipomgusa waliona ya kuwa amekwisha kufa. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882, na yeye hakuiona.

Sasa tutazame yaliyofuata. Mwaka 1873 mkataba ulifanywa Unguja wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na baada yake C.M.S. ikajenga kijiji cha Frere Town, karibu na mahali alipozikwa Rosine. Huko wakakaa mamia ya watu waliookolewa katika utumwa. Rabai, ambako Krapf aliona watu wachache tu, pakawa mahali pa Wakristo wengi, wakajenga kanisa kubwa la mawe. Mwaka 1885 William Jones na Ishmael Semler, Waafrika wawili waliokuwa watumwa zamani, waliwekwa kuwa mashemasi. Krapf alikuwa amesema zamani sana ya kuwa kanisa la Afrika litasimama kwa makasisi na maaskofu Waafrika, wakati ambapo watu wengi waliona neno hilo ni ndoto. Mwaka 1955 Festo Olang' na Obadiah Kariuki wakawekwa kuwa maaskofu, Waafrika wa kwanza wa Kenya katika Kanisa la Anglikana. Na waliofasiri Biblia katika Kiswahili baada yake, kama Askofu Edward Steere wa Unguja, walianza kazi yao wakiwa na vitabu vya Krapf mezani.

Ni kweli, Krapf hakuyapata aliyoyatafuta. Hakuwa nahodha, hakukaa Shoa, hakuwafikia Waoromo, hakuuona mnyororo wake. Kila mara alipoangushwa aliuliza, si kwa nini Mungu amenizuia, bali kazi gani imebaki ambayo naweza kuifanya mahali hapa. Kwa swali hilo alijifunza lugha mpya karibu na kaburi jipya. Kwa swali hilo aliandika maneno ya Kiswahili akiwa mzee katika kijiji cha baridi, mbali na watu wenye lugha hiyo.

Nanyi wanafunzi, siku moja mtashindwa katika jambo mnalolipenda sana. Labda mtihani, labda kazi, labda nyumba yenu itapatwa na msiba. Msidhani ya kuwa mtu mwenye imani haanguki. Krapf alianguka mara nyingi kuliko wengi. Imani ilimpa jambo jingine, nalo ni kuinuka na kuifanya kwa uaminifu kazi iliyo karibu, ingawa ni ndogo, na kumwachia Mungu hesabu ya mavuno. Mkulima apandaye mnazi katika uzee wake hajui kama ataunywa mdafu wake. Walakini huchimba shimo, hutia maji, na kwenda zake kwa amani.